Ungo

Kibaigwa, soko la mahindi, saa moja asubuhi.
Makuli wanashusha magunia ya Kiteto,
nasi wapepetaji tumekaa mstari mmoja,
khanga puani kama majambazi.
Pumba zinapaa. Upepo wa Julai unazipokea
na kutugawia upya, kila mtu na fungu lake.

Wote tunakohoa. Hilo si la kusimulia.
La kusimulia ni kwamba mimi hukohoa kwa tarehe.

Nina kalenda ya dayosisi, imening'inia juu ya ndoo.
Duara la peni nyekundu: siku zangu.
Msalaba wa mkaa: usiku niliokesha nimekaa kitako,
kifua kikilia kama paka aliyefungiwa stoo.
Miezi saba nilichora bila kujua ninachotafuta.
Wa nane nikarudi nyuma hatua mbili,
kama fundi anayekagua ukuta alioupiga lipu,
nikaona:
misalaba imejibanza kabla ya kila duara,
siku tatu, siku nne kabla,
kama wapangaji waliosikia mwenye nyumba yuko njiani.

Nikampelekea tabibu. Kalenda nzima, na msumari wake.
Alikuwa ameshaandika "vumbi" kabla sijaketi.
Akatazama muda mrefu. Neno lile hakulikata,
aliongeza jingine pembeni: homoni.

"Mwilini mna wapiga mbiu," akasema, "huwaoni.
Wanapanda na kushuka kama bei ya debe hapa kwenu.
Estrojeni huweza kuwachochea walinzi wa mapafu,
nao wakiona chembe moja ya pumba
wanaita jeshi zima.
Njia ya hewa inavimba, inajaa ute, inajikaza.
Na mbiu ikikatika ghafla, siku zako zikikaribia,
kwa wengine hapo ndipo vurugu huzidi.
Ya kiume, yenyewe, huelekea kuwatuliza.
Bado hatujajua yote."
Aliposema hivyo ndipo nikamwamini.

Kwa maana nilimkumbuka Yoramu.
Utotoni mgonjwa alikuwa yeye. Mama alimbeba
mgongoni usiku hadi barabarani, kutafuta lori la Mpwapwa,
na mimi nikizunguka nyumba mbio,
sijui kama pumzi ni kitu cha kuhesabiwa.
Kisha sauti yake ikakwaruza, ndevu tatu zikachomoza,
na kifua chake kikafunguka
kama ghala lililouzwa lote.
Mwaka uleule
mimi nilivunja ungo.

Shangazi walipiga vigelegele.
Vipande vya ungo huo, nani aliviokota?
Hakuna aliyeniambia vingine huingia kifuani.

Mama mkwe alisema ni uvivu wenye ratiba.
Jirani alisema nina mtu.
Mimba ya Nyemo ilinikopesha pumzi,
miezi tisa nikalala chali kama watu wengine.
Mimba ya mdogo wake ikaidai yote, na riba.
Mwili uleule, kitanda kilekile.
Ningemweleza nani?

Sasa nina inhela mbili ndani ya kibweta.
Ya bluu ni ya kuzima moto.
Ya kahawia ni ya kila siku, hata nikiwa mzima,
na hiyo ndiyo ngumu,
kununua dawa ya siku ambayo hujaugua
kwa hela ya gunia ambalo hujapepeta.

Tarehe kumi na tisa leo. Duara liko karibu.
Gunia la nne; mfanyabiashara anapiga kelele,
anataka mahindi meupe kama meno.
Nyemo amefunga shule, ana miaka kumi na miwili,
amekuja na ungo mdogo, anarusha vizuri kuliko mimi.
Hakohoi.
Jana aliniuliza kwa nini nachora ukutani kwa mkaa.
Sikumjibu. Nitamjibu, sijui kwa maneno gani.

Leo nimemwambia tu: mwanangu, inuka,
kaa huku, upepo unakotokea.